Gramu Mia Saba

Siku tuliyotoka kwenye msiba wa binti yangu Dita, gari la abiria liliposimama njia panda, mimi sikushuka, na Rovelyn nilimkataza kushuka. Mambo yote yalianzia hapo. Wengine watakuambia yule msichana alikuwa na njaa tu, na njaa inapanda kichwani. Waache waseme. Hawakuwa wao waliokuwa wakimfunga mikono kila siku.

Huku kwetu hata mtoto anajua: ukitoka kwenye nyumba yenye maiti huendi kwako moja kwa moja. Unapitia mahali kwanza ujikung'ute, usije ukaongozana na marehemu hadi kitandani. Kwa sisi tunaoteremka kutoka mlimani, mahali penyewe ni duka la mikate la Pilar, pale njia panda. Unaingia, unakula skonzi, unakunywa kahawa, unapangusa viatu, unaondoka. Pilar hutania kwamba duka lake limejaa marehemu wa mlima mzima na hakuna hata mmoja anayenunua kitu.

Basi siku hiyo abiria wote walishuka, mpaka dereva. Rovelyn akainuka.

"Kaa," nikamwambia.

"Manang, hatujajikung'uta."

"Una kilo arobaini na nane kamili, pale pale kwenye alama, na umebakiza wiki tatu upimwe. Ukiingia mle utanusa mkate, na ukinusa utakula. Nakujua."

"Nitasimama mlangoni tu."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Mimi nina mdomo mkali, nalijua hilo, na wasichana wa ukumbi wetu, wanaoniita Manang, yaani dada mkubwa, hawanibishii mara mbili. Dereva aliporudi anatafuna alituangalia kwenye kioo chake, akafanya ishara ya msalaba, akawasha gari. Tukaenda nyumbani moja kwa moja.

Ukumbi wa ngumi ni wa mdogo wangu Crispulo, ambaye watu wanamwita Kocha Pulo. Zamani ulikuwa ghala la sukari. Yeye anafundisha, mimi nafanya yaliyobaki: napika, nafua, nafunga bendeji mikononi kabla ya glavu, na siku ya pambano nakaa kona na ndoo na taulo. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mikono ya wasichana hawa naijua kuliko nyuso zao. Nifumbe macho, unipe mkono wowote, nitakutajia jina.

Rovelyn Magbanua alikuja akiwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa wakata miwa, amevaa kaptula ya kaka yake iliyofungwa kwa kamba. Pambano lake la kwanza lilikuwa kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji, mshindi anapewa gunia la mchele. Alipigwa vibaya, wakampa kopo la samaki, akalia njia nzima kwa sababu ya lile gunia. Kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni. Dita wangu alikuwa na umri ule ule na uzito ule ule. Walilala mkeka mmoja, wakapigana kila siku kwa miaka minane, wakala sahani moja.

Dita alikuwa bora. Sisemi kwa sababu nilimzaa. Alikuwa mashoto, na mashoto mwenye akili ni balaa ulingoni. Katika uzito wa kilo arobaini na nane mkoa wetu hupeleka msichana mmoja tu kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa, na mwaka ule alikuwa yeye. Wiki nne kabla ya siku yenyewe, akiwa kwenye pikipiki, akagonga lori la miwa lililoachwa barabarani bila taa. Nafasi ikaenda kwa Rovelyn. Hakuiomba. Alipoambiwa alitapika.

Na maiti hata sikuachiwa. Baba yake, ambaye tuliachana Dita akiwa bado ananyonya, alikuja na ndugu zake wakampeleka kwao mlimani, kwamba huko ndiko kwenye makaburi ya ukoo. Nilikaa kwenye ua wao kama mgeni. Watu wanacheza karata, mke wake mpya anagawa biskuti. Walikuwa wamemvisha Dita glavu zake, mikono imekunjwa kifuani, ya kushoto wameivisha mkono wa kulia. Mwanangu amelala pale na glavu zilizopishana na hakuna aliyeona. Nilimshika Rovelyn mkono, tukaaga, tukapanda gari.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilikaa kwenye benchi langu, Rovelyn akaja afungwe. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Rovelyn huanza na wa kulia. Siku zote. Nikamtazama, yeye anatazama dirishani. Nikaanza kufunga. Dita alivunjika kidole kidogo cha kushoto akiwa na miaka kumi na nne, kikaunga vibaya, kikabaki na nundu, kwa hiyo pale nilikuwa nakunja bendeji mara mbili. Vidole vyangu vikakunja mara mbili vyenyewe. Na chini ya kitambaa ile nundu ilikuwapo.

Nikafungua. Kidole cha Rovelyn, kimenyooka. Nikafumba macho nikapapasa. Nundu.

"Manang, vipi?"

"Hamna kitu. Bendeji imejikunja."

Wiki hiyo Kocha Pulo alikuwa mtu wa furaha kuliko siku alizopata kushinda yeye mwenyewe. Rovelyn, ambaye maisha yake yote alipigana kwa mkono wa kulia, alianza kusimama kwa kushoto. Mguu wa kulia mbele, bega la kulia mbele, na ule mkono wa kushoto unatoka nyuma kimya kimya. Aliwaangusha wavulana wawili wa kilo hamsini na nne. Mmoja alikaa sakafuni anacheka kwa aibu huku anajishika taya.

"Tangu lini umekuwa mashoto, wewe?" Kocha akamuuliza.

"Sijui, Kocha. Huu mkono unatangulia wenyewe."

"Basi usiuzuie."

Mimi nilikuwa nimekaa na ndoo yangu. Ile ngumi niliijua. Kabla ya kuitupa Dita alikuwa anavuta pumzi kidogo puani, kama mtu mwenye mafua, na nilimsikia Rovelyn akivuta.

Halafu mizani. Tunayo mizani ya chuma, ya zamani, ambayo haijapata kudanganya. Asubuhi ile ya kwanza baada ya msiba ilisema arobaini na nane na gramu mia saba. Kocha akaniangalia mimi.

"Amekula nini msibani?"

"Maji."

"Dada, usinifiche."

"Hakupewa hata skonzi. Niulize mimi niliyemkatalia."

Tukapunguza chakula. Uji wa mchele kikombe kimoja, yai bila kiini. Akakimbia saa saba mchana amevaa koti la plastiki, akatema mate kwenye chupa mpaka midomo ikapasuka. Nyama ilimtoka usoni, mbavu zikahesabika, na mizani ikasema arobaini na nane na gramu mia saba. Kocha akapima gunia la mchele la kilo hamsini. Mizani ikasoma hamsini kamili.

Alasiri moja alikuwa anaruka kamba, sisi wengine tuko nje kwenye kivuli tunamenya vitunguu. Nikasikia miguu kwenye mbao. Miguu ya mtu mmoja ina mlio wake. Hii ilikuwa ya wawili, mmoja anachelewa kidogo nyuma ya mwenzake, kama walivyokuwa wakiruka zamani. Rovelyn akasimama. Mlio mmoja ukasimama naye. Wa pili ukaruka mara mbili zaidi, ndipo ukakoma. Niliingia ndani. Rovelyn alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kamba inaning'inia mkononi. Kwenye sakafu kulikuwa na nyayo zake za jasho, na kando yake nyayo nyingine, pana kidogo, vidole vimetanuka.

Nilichukua kitambaa nikazifuta. Sikumwambia mtu.

Niseme ukweli hapa, maana umri wangu si wa kudanganya tena. Sikuogopa. Nilifurahi. Nilipangusa zile nyayo polepole, kama ninavyompangusa mtoto, na usiku nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu lile lori. Siku mbili baadaye, nikiwa nafunga bendeji, Rovelyn akasema, "Mama, umebana mno." Hilo neno, kwa sauti ile ile ya kulalamika, Dita alinambia kila siku ya Mungu. Rovelyn mwenyewe aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nililegeza bendeji. "Hivi je?" nikauliza. Nilikuwa simuulizi Rovelyn.

Rovelyn ndiye aliyekuwa anaisha. Mkono wake wa kulia ukawa baridi, kikombe kinamponyoka. Nywele zikabaki kwenye kitana. Akawa analala ukingoni kabisa mwa mkeka, nusu ya mwili sakafuni. Nikamuuliza kwa nini anajitesa na mkeka mpana hivi.

"Anapenda upande wa ukutani," akasema.

Akaja kwangu jikoni. Hakulia. Rovelyn si wa kulia tangu lile gunia la mchele.

"Manang, twende kwa Pilar."

"Tutaenda."

"Lini?"

"Baada ya mashindano. Kwa nini uharibu sasa? Unapiga vizuri."

"Si mimi ninayepiga." Akanionyesha mikono yote miwili. "Jana nilitaka kujikuna sikio, nikangoja mkono uniruhusu. Nampenda Dita. Lakini nikishinda hivi, nani amechaguliwa? Na mimi nitakuwa wapi?"

"Acha upuuzi, koroga uji wako."

Alikuja tena Jumatano, nikamwambia nina nguo za kufua. Alikuja Ijumaa, nikamwambia mvua. Hakukuwa na mvua.

Mashindano yalikuwa hapa hapa mjini, kwenye uwanja wa ndani karibu na soko. Kupima kulianza saa moja asubuhi. Mpimaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole, anatafuna tangawizi. Rovelyn akavua nguo nyuma ya taulo nililolishika, akapanda.

"Arobaini na nane, mia saba," mama akasema. "Pole, mwanangu. Mna saa moja. Ikifika saa mbili nafunga daftari."

Kocha alihangaika uwanja mzima. Akamvalisha koti la plastiki, akamkimbiza ngazi juu chini, akamsugua kwa chumvi. Jasho halikutoka tena, mtoto alikuwa amekauka. Saa moja na dakika ishirini akapanda. Arobaini na nane na mia saba. Kocha akakaa kwenye ngazi akaweka kichwa magotini. Miaka minane ya yule msichana, na kambi ya taifa, na mshahara wa kumtoa mama yake kwenye miwa, vyote vimekwama kwenye gramu mia saba.

Rovelyn hakushuka kwenye mizani. Alisimama pale, miguu imekonda, akanitazama juu ya taulo.

"Manang," akasema taratibu, ili mama wa miwani asisikie. "Mwambie ashuke."

Nilimtazama usoni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikimtazama mikono tu. Macho yalikuwa yamezama, midomo imepasuka mpaka damu, na alikuwa mtoto wa mtu. Kule mashambani kulikuwa na mwanamke na panga lake, hajui kwamba mimi nilikuwa namla mwanawe kidogo kidogo.

"Vaa," nikamwambia.

Tulichukua pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni. Nikamwambia dereva njia panda, na akikimbia nitamwongezea. Upepo unatupiga, Rovelyn amejiegemeza begani kwangu.

"Siku ile haikuwa uzito wako," nikamwambia. "Walininyima maiti. Nikasema moyoni, basi, bakini na sanduku. Nilijua anatufuata. Nilimwachia nafasi kwenye kiti."

"Najua, Manang. Nilikuona umesogea."

Pilar alikuwa anatoa trei ya kwanza. Alituangalia, akaangalia saa ya ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutania.

"Wawili?" akauliza.

"Watatu."

Akaleta skonzi tatu, vikombe vitatu, akarudi nyuma ya meza yake akageukia ukuta. Rovelyn hakuweza kula kwa ajili ya uzito, kwa hiyo nilikula yangu na yake. Mkate ulikuwa wa moto na mimi sikusikia ladha yoyote. Chini ya meza nikashika mkono wa kushoto wa Rovelyn. Nundu ilikuwapo.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani, yakapotea yote.

"Dita," nikasema. "Utakaa hapa. Kuna joto, kuna watu wa mlimani unaowajua. Usimfuate Rovelyn, ana pambano lake. Na mimi usinifuate." Hilo la mwisho nililisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza halikutoka. "Glavu walizipishanisha, mwanangu. Niliona. Ningezibadilisha, sikuthubutu mbele yao. Nisamehe."

Ule mkono ukanibana. Ukanibana mpaka mifupa ikalia, kama Dita alivyokuwa akinibana utotoni siku ya sindano. Sikuuondoa. Kisha ukalegea, na nilichobaki nacho ni kidole kilichonyooka, cha moto, kinachotokwa na jasho.

Tukapangusa viatu mlangoni, yeye kisha mimi. Skonzi ya tatu niliiacha kwenye sahani. Kugeuka nyuma ni mwiko, na nilitoka bila kugeuka. Sijafanya jambo gumu kama hilo, na nimezaa bila mkunga.

Saa mbili kasoro dakika nne akapanda mizani. Mama wa miwani aliinama, akainuka, akainama tena.

"Arobaini na nane kamili. Mmemfanya nini?"

"Amekwenda chooni," nikasema.

Alipigana saa tisa alasiri na msichana wa mkoa wa kaskazini, mrefu, mwenye mikono kama mianzi. Nilipomfunga alinyoosha wa kulia kwanza. Raundi ya kwanza alipigwa. Alisimama kwa kulia, miguu imesahau, anatafuta mwili wake mwenyewe kama mtu aliyerudi nyumba iliyopangishwa. Alirudi kona pua inavuja.

"Rudi kushoto," Kocha akamfokea. "Kushoto kwako kuko wapi?"

Rovelyn aliniuliza mimi. "Hayupo?"

"Hayupo. Uko peke yako."

"Afadhali," akasema, akatabasamu na damu kwenye meno.

Raundi mbili zilizobaki sitasema alicheza vizuri. Alicheza kwa ubishi. Alikuwa akipigwa moja anarudisha mbili, zile ngumi zake za zamani, pana, za mkata miwa, ambazo nilizoea kuzitukana. Majaji watatu walimpa yeye, wawili wakampa mwenzake. Mwamuzi alipomwinua mkono wa kulia, Rovelyn alilia, na mimi sikujua ni lipi kati ya mambo yote linalomliza.

Sasa ni miaka sita. Alikwenda kambini, akapewa cheo jeshini kama wanavyopewa mabondia wa taifa, akapigana nchi za baridi, akaleta medali mbili za shaba. Ya dhahabu hajaipata na huenda asiipate, jicho lake la kushoto limeanza kuchoka. Mama yake ana nyumba ya matofali. Kila Krismasi Rovelyn huja kunitembelea na viatu ambavyo sivai. Tunakula, anawachapa wasichana wadogo ulingoni wanacheka, ananibusu mkono kwa heshima, anaondoka. Na wasichana wameniambia, maana hawawezi kunyamaza, kwamba akitoka hapa kwangu haendi kwao moja kwa moja. Anapitia sokoni, anakunywa soda moja, anapangusa viatu. Sijamlaumu.

Mimi kila Jumamosi alasiri huteremka njia panda. Pilar hunipa meza ile ile, vikombe viwili, changu na cha Dita. Hatuongei sana. Nikimaliza mkate wangu nainuka, viatu sipangusi, na narudi nyumbani moja kwa moja bila kusimama popote. Wakinisalimu njiani sijibu. Kwenye gari nasogea dirishani, nafasi ya pembeni naiacha wazi.

Nikifika, kabla ya kuvua kilemba, napanda ile mizani ya chuma. Miaka sita haikusogea. Jumamosi iliyopita ilizidi gramu mia saba. Kocha Pulo alikuwa anapita na ndoo, akachungulia begani kwangu, akasema ni hiyo mikate, dada, utanenepa. Nilimwambia aendelee na kazi yake. Nikakaa kwenye benchi, nikatoa bendeji mfukoni, nikafumba macho.